Shangazi, moyo wangu umepoa kwa Mungu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mpishi kwenye hoteli moja Kiwengwa. Asili yetu Muheza, lakini nimekulia Unguja. Ubatizo na kipaimara nimepata huko huko mjini. Nimeimba kwaya kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini miaka tisa, na mwaka wa mwisho nilishika hazina. Pakatokea mambo ya pesa za sare, nikaona bora nikae pembeni. Nikapata kazi huku shamba, zamu zangu zikawa zinaangukia Jumapili, kanisa likakatika lenyewe. Huu ni mwaka wa tatu. Sisali. Nikijaribu, maneno hayafiki hata darini. Mke wangu yuko mjini na watoto. Kila Jumapili hunipigia na kuniuliza kama nimekwenda kanisani, nami humjibu ndiyo. Ninalala chumba kimoja na wenzangu watatu, Waislamu. Alfajiri ikiadhiniwa wao huondoka kwenda msikitini, mimi nabaki nimejifunika shuka, macho kodo. Juzi mmoja akaniuliza: "Mbona siku hizi sikuoni na kile kitabu chako cha sala?" Nilikosa la kumjibu. Zamani Jumapili jioni nilikuwa nikimsomea Zaburi bibi mmoja asiyeona, jirani yetu, na nikitoka kwake moyo mweupe. Leo nikikumbuka sisikii chochote. Shangazi, nimeshampoteza Mungu? Na nikirudi kanisani na moyo mkavu hivi, si unafiki?*

*Niliyepoa, Kiwengwa*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla ya chai. Aliyempoteza Mungu hulala usingizi wake mtamu. Adhana ya msikiti wa jirani haimkeshi, wala hamuonei haya mtu aliyemuuliza kitabu cha sala kiko wapi. Wewe una kiu, na umekuwa nayo miaka mitatu. "Nafsi yangu inamwonea kiu Mungu, Mungu aliye hai," anasema mwenye Zaburi ya 42, na mtu huyo hakuwa akionja utamu wowote wa ibada alipoyasema hayo. Mstari unaofuata anasema machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Zaburi hiyo bila shaka umemsomea yule bibi mara nyingi.

Nianze na mwili, kwa sababu watu wa kanisa tuna haraka ya kuiita kila kitu dhambi. Kazi ya jiko la hoteli si lelemama. Kuna chai ya asubuhi ya wageni inayokutaka uamke usiku wa manane, kuna joto la majiko, na msimu ukichanganya hata siku ya ofu huioni. Nabii Eliya alishusha moto mlimani Karmeli, kisha baada ya muda mfupi tu akalala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale tena. Sauti ya Mungu, ile ya utulivu, kule mlimani Horebu ilikuja baadaye. Wewe unayewalisha watu kutwa, unakula saa ngapi? Unalala saa ngapi? Na kama ubaridi huu haukuishia kwenye sala, ukawa hata watoto wako hawakufurahishi tena, chakula hakina ladha na usingizi umekukimbia, nenda hospitali ukamweleze daktari yote, kama ambavyo ungekwenda na homa. Hilo halikupunguzii imani hata chembe.

Lakini nadhani kwako kuna jambo jingine.

Karne ya 4, kule jangwani Misri, watawa waliijua hali yako na waliipa jina, akedia. Mmoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliieleza kama pepo wa adhuhuri. Jua huonekana kama limesimama, siku huwa kama ina saa hamsini, mtawa anachungulia dirishani kila mara, anapachukia pale alipo na kazi ya mikono yake, anaona upendo umeisha kati ya ndugu. Kisha Evagrio akaongeza neno lililonifanya nikukumbuke wewe: kama kuna mtu aliyemuudhi mtawa siku hizo, pepo huyo huongeza na hilo, ili chuki ikolee.

Sasa twende kwenye pesa za sare.

Sentensi hiyo umeipitisha mbio, kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa. Mambo mengine yote umeyafafanua, chumba, shuka, adhana, hata maneno ya mwenzako. Hapo umesema "mambo" ukapita. Mimi siamini kwamba kanisa "lilikatika lenyewe", mwanangu. Lilikatika siku ulipoiacha kwaya, na kazi ya Kiwengwa ikaja kukupa sababu ya kutorudi. Sijui kilichotokea, kwa hiyo nakwambia njia zote mbili. Kama pesa ulizitumia wewe, hata kama nia yako ilikuwa kuzirudisha mwisho wa mwezi, basi zirudishe, kidogo kidogo kwenye mshahara, na ukaungame kwa padre wako. Hazina ya kwaya ni shilingi za watu wanaopanda daladala kuja mazoezini. Kama ulisingiziwa, hapo una kidonda ambacho hakuna aliyekuja kukiosha, nawe umekifunika miaka mitatu, sasa unashangaa mbona viungo vimekufa ganzi.

Mimi nilisusa kikundi cha akina mama, mwaka mzima na zaidi, kwa ajili ya sufuria mbili za shughuli. Zilipotea, na mwenzangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba zimeonekana kwangu. Hazikuwa kwangu. Misa nilikuwa nakwenda, lakini nakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, na sala zangu zilikuwa kama zako, zinaishia darini. Siku nilipopiga moyo konde nikaenda kwake, nilimkuta uani anachambua mchele. Hakushtuka. Alinisogezea ungo wa pili, tukachambua mchele pamoja mpaka ukaisha. Maneno yalikuwa machache sana, na hata hilo neno "samahani" sikumbuki ni nani aliyelitamka. Sufuria hazijaonekana hadi leo. Ila Jumapili ile niliimba, na machozi yalinitoka kwenye wimbo ambao nilikuwa nimeuimba mwaka mzima mkavu kama ukuti.

Kwa hiyo mtafute yule mliyekosana naye kwa zile pesa za sare. Unamjua ni nani. "Enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu," ndivyo alivyosema Bwana katika Mathayo 18. Usimwandikie kwenye simu, wala usilipeleke jambo kwenye grupu la kwaya. Nenda kwake.

Swali lako la unafiki. Mnafiki huigiza mbele za watu. Anayepiga magoti na moyo mkavu, akamwambia Mungu "moyo wangu mkavu", huyo amesema kweli tupu. Yule baba wa mtoto mwenye pepo alimlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akaponywa siku hiyo hiyo. Unafiki ulionao, na nakwambia kwa mapenzi, uko kwenye simu ya Jumapili. Mkeo anakuuliza, wewe unamjibu ndiyo. Hilo likome wiki hii. Mwambie: mke wangu, miaka mitatu sijasali, nimekuwa nikikudanganya. Atahuzunika, huenda akakasirika. Lakini utakuwa na mtu mmoja duniani wa kusali naye bila kujificha, hata kama ni Baba Yetu moja kwenye simu kabla hamjalala.

Na huyo mwenzako wa chumbani mshukuru. Swali lake ni la ndugu. Mama yangu alizaliwa Mbweni, katika vizazi vya wale waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa wakapewa makazi na misheni. Sisi watoto tulikulia mjini, msikiti hatua chache kutoka mlangoni. Kila alfajiri ikiadhiniwa, mama alikuwa akikaa kitako kitandani gizani, anafanya ishara ya msalaba, na tunasikia midomo yake tu ikichezacheza. Hakuhitaji saa ya mezani. Hata hotuba ndefu hakuwa nayo. Baba Yetu, majina yetu mmoja mmoja, basi, anatandua neti. Fanya hivyo hivyo. Wenzako wakitoka, wewe kaa kitako. Usingoje usikie kitu. Dakika tatu zinatosha kwa mwanzo, na afadhali dakika tatu kila siku kuliko mkesha mmoja kisha miezi sita ya kimya.

Nakwambia usingoje kusikia kitu kwa sababu Maandiko yenyewe ndivyo yanavyosema. Kanisa la Efeso liliambiwa, "Umeuacha upendo wako wa kwanza." Wengi tunaishia hapo tukapiga kifua. Mstari unaofuata, Ufunuo 2:5, unatoa dawa: kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, "ukayafanye matendo ya kwanza". Angalia neno hilo, matendo. Bwana hakuwaagiza wazirudishe kwanza zile raha za mwanzo.

Kanisani rudi. Ukipata ofu katikati ya wiki panda daladala mpaka mjini, tembea hadi Mkunazini, uingie hata kama hakuna ibada. Unajua ulipo: palikuwa soko la watumwa, likafungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Altare, inasimuliwa, imesimama palipokuwa pakichapiwa watu. Wengi wa waumini wa mwanzo walikuwa wameshuka majahazini bila mama wala baba. Sidhani kila mmoja wao aliamka na furaha moyoni kila asubuhi. Walikuja hivyo hivyo. Na zile nguzo karibu na kisima cha ubatizo, ambazo wageni husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere, aliyelijenga kanisa hilo, alipokuwa safarini, umezitazama miaka tisa ukiwa kwenye kwaya. Inasemekana aliporudi aliziacha. Kaa karibu nazo. Hakuna atakayekuuliza umekaaje moyoni. Ukishakuwa tayari, muone padre kwa ungamo, kisha Ekaristi. Mpangilio huo unaujua kuliko mimi.

Na tendo la kwanza kabisa umelitaja mwenyewe, mwishoni mwa barua, kama kitu kilichokufa. Yule bibi. Je, yu hai? Kama yu hai, Jumapili jioni zake zimekuwa kimya miaka mitatu, na huenda anadhani umemsahau. Ofu yako ya kwanza, kabla hujamtafuta mtu wa sare, nenda kwake. Mchukulie mkate wa kumimina, ukae pale pale ulipokuwa ukikaa, umfungulie Zaburi ya 42. Soma polepole. Ukiruka mstari atakwambia.