Stika ya dhahabu shingoni mwa chupa

SWALI: Mhariri, katika duka ninalonunua mahitaji ya nyumbani hapa Arusha kuna mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini unaouzwa shilingi 18,000, nao umebandikwa stika mbili za medali, ya dhahabu na ya fedha, ilhali chupa ya jirani yake ya shilingi 32,000 haina stika yoyote. Niliununua ule wenye medali kwa ajili ya wageni wa kipaimara cha mwanangu, na kusema kweli sikuona cha kujivunia. Je, medali hizi hutolewa kwa haki, au ni mapambo ya kuvutia wateja?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, katika mashindano yanayoheshimika mwenye mvinyo hulipa ada ya kushiriki, na mara nyingi hununua pia stika baada ya kushinda, lakini medali yenyewe hainunui. Majaji huonja bila kuona lebo, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa mtu akishaliona jina la shamba maarufu huanza kulisifu kabla glasi haijafika mdomoni. Shaka yangu iko kwenye ulimi wa jaji mwenyewe.

Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo kaskazini mwa California, alishangaa kuona mvinyo wake uleule ukipata dhahabu huku na kutoka kapa kule. Kuanzia mwaka 2005, kwa ridhaa ya waandaaji wa mashindano ya mvinyo ya Maonyesho ya Jimbo la California, majaji walipewa mvinyo mmoja mara tatu, kutoka chupa ileile, ukiwa umechanganywa na glasi nyingine zipatazo 30, bila wao kuambiwa. Jaji wa kawaida alipishana na nafsi yake kwa alama nne juu au chini, yaani mvinyo alioupa alama 90 kati ya 100 ungeweza kurudi mezani baada ya muda mfupi ukapata 86 au 94. Usizione alama hizo nne kuwa chache: katika mashindano ya Decanter ya London, shaba huanzia 86, fedha 90 na dhahabu 95. Ni takriban jaji mmoja kati ya kumi aliyebaki mle mle katika daraja moja la medali.

Mwaka 2009 Hodgson alichapisha uchambuzi wa mashindano 13 ya Marekani. Kati ya aina 2,440 za mvinyo zilizoshindanishwa zaidi ya mara tatu, asilimia 47 zilipata dhahabu mahali fulani, lakini asilimia 84 ya hizo hizo zilizopata dhahabu hazikuambulia kitu mahali pengine. Mwenye kiwanda asiyechoka kulipa ada, basi, hatakosa stika, na hakuna anayebandika kwenye chupa orodha ya mashindano aliyoshindwa.

Mvinyo wa bei nafuu una tatizo lake zaidi. Mwaka 2007 Chardonnay, yaani mvinyo mweupe, ya nembo ya Charles Shaw, iliyouzwa California kwa chini ya dola 2, ilipata dhahabu maradufu, medali moja ya daraja la juu kuliko dhahabu ya kawaida, katika mashindano yale yale ambamo Hodgson alikuwa akiwapima majaji. Sioni hila katika ushindi huo. Lakini mvinyo wa aina hiyo hutengenezwa kwa wingi mno, ukichanganywa kutoka matangi mengi na kutiwa chupani kwa mafungu, na fungu moja laweza kutofautiana na jingine. Majaji walionja sampuli waliyopelekewa, si chupa uliyoikuta wewe dukani.

Hata hivyo nisingeitupa stika moja kwa moja. Hodgson aliona kuwa majaji huafikiana na nafsi zao zaidi juu ya mvinyo mbaya kuliko juu ya ule mzuri. Kwa hiyo chupa ya shilingi 18,000 yenye medali yaelekea haikunuka siki wala ukungu siku ilipoonjwa, na kwa bei hiyo si haba. Soma mwaka ulioandikwa kwenye stika na uulinganishe na mwaka wa mavuno kwenye lebo, ujue kama medali ni ya mvinyo huo au ya mavuno mengine. Angalia pia jina la mashindano: yale yanayofuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo hayatoi medali kwa zaidi ya asilimia 30 ya mvinyo ulioshindanishwa, ilhali mengine hugawa kwa ukarimu unaostahili harusi.

Kabla ya sherehe ijayo, nunua chupa zote mbili, uziweke kwenye friji kama nusu saa, kisha umwombe mtu wa nyumbani akumiminie glasi tatu nawe usione, mbili zikiwa za chupa moja. Uzipe alama zote tatu kabla hujaambiwa ni zipi zilizo pacha.