Kabla ya Kununua Kifaa, Rekebisheni Maiki

Kamati nyingi za nyumba za ibada zikiamua kuwafikia waumini wenye ulemavu huanza na orodha ya manunuzi: skrini, kamera, vipokezi vya sauti. Orodha si mbaya, ila imeanzia mwisho. Kitanzi cha sauti (waya unaopeleka sauti moja kwa moja) kwa wenye shimesikio, yaani kifaa cha masikioni cha kusaidia kusikia, maandishi ya papo kwa papo na matangazo ya mtandaoni vyote vinalishwa na sauti ileile inayoingia kwenye maiki. Ikiingia chafu, inatoka chafu kote.

Maiki iwe sentimita 10 hadi 20 kutoka mdomoni na ibaki hapo hata mzungumzaji akigeuka. Mhubiri au imamu anayesema sauti yake inatosha, hahitaji maiki, anawafungia watu mlango bila kujua: ukumbini anasikika, kwenye kitanzi kuna kimya. Muumini akiuliza swali, lirudiwe kwenye maiki kabla halijajibiwa. Fundi mitambo naye atenge njia yake ya kutolea sauti kwenye miksa, maneno juu na muziki chini, maana ngoma na kinanda vinavyonoga kwenye spika humeza maneno kwa mtu asiyesikia vizuri. Na msitege maiki mbele ya spika ili kuikamata sauti ya ukumbi. Mtakachokamata ni mwangwi, na mwenye shimesikio ana mwangwi wa kutosha tayari.

Hapo sasa ndipo kitanzi kina maana. Ni waya unaozungushwa ukumbini, sakafuni au juu ya dari, ukaunganishwa na amplifaya yake maalumu (amplifaya ya kawaida ya spika haifai). Waya hutoa uga wa sumaku, na shimesikio lenye telikoili, yaani koili ndogo ya kunasa uga huo, likiwekwa kwenye alama ya T, huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Mtumiaji havai kitu cha ziada wala haombi kifaa mlangoni, na hiyo heshima ndogo ndiyo inayofanya watu wakitumie kweli. Kiwango cha kimataifa, IEC 60118-4, kinataka vilele vya sauti vifikie miliampia 400 kwa mita, vikipimwa kwenye usawa wa masikio: takriban mita 1.2 kwa aliyeketi kitini na 1.7 kwa aliyesimama. Waumini wenu wakikaa chini kwenye mkeka, mwambieni fundi mapema apime kwenye usawa huo, maana wengi hupima kwa mazoea ya viti.

Yanayoharibu kitanzi yanajulikana. Nondo za sakafu hunyonya uga, na sauti nyembamba hupotea kwanza, hivyo maneno yanakuwa mazito kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Dawa yake ni vitanzi vyembamba kadhaa vinavyopishana, si kuongeza nguvu tu. Anayeketi juu kabisa ya waya hasikii kitu, kwa kuwa pale uga umelala badala ya kusimama. Nyaya za umeme na vipunguza mwanga huleta mvumo. Gitaa la umeme likikaa ndani ya kitanzi huunasa uga huo na kuanza kulia lenyewe. Halafu uga haujui kuta: vyumba viwili jirani vyenye vitanzi vitasikilizana, na ushauri wa faragha au maungamo hayafai kuwekewa kitanzi bila usanifu unaozuia uvujaji.

Jambo moja halimo kwenye vitabu vingi vya maelekezo. Telikoili hupokea vizuri kichwa kikiwa wima. Muumini akienda sijda, koili inalala na sauti inafifia, na ni wakati huohuo anahitaji takbira ya kuinukia. Huo si ubovu wa kutengenezwa. Mpangeni katika safu ambayo jirani yake yuko karibu, au mpeni kipokezi cha redio chenye waya wa kuvaa shingoni. Huo unainama pamoja na mwili, kwa hiyo sauti haibadiliki sana.

Vipokezi vya redio, vya infraredi na vya Wi-Fi ni njia nyingine, na mnavihitaji hata mkiwa na kitanzi, kwa kuwa si kila shimesikio lina telikoili na wengi hawana shimesikio kabisa. Infraredi haivuki ukuta, sifa nzuri kwa faragha, lakini hutaabika kwenye jua kali. Mifumo ya Wi-Fi inayotumia simu ya muumini mwenyewe ni rahisi kuanzisha. Tatizo lake ni kuchelewa. Sauti ikichelewa milisekunde 50 au zaidi, mtu anayesikia pia kidogo ya ukumbini anapata maneno mara mbili, na midomo ya msemaji haiendani na anachosikia. Auracast, teknolojia mpya ya utangazaji kwa Bluetooth, itasaidia hapo, lakini mashimesikio yaliyopo masikioni leo mengi hayaipokei. Msing'oe kitanzi kwa ajili yake.

Maandishi ya papo kwa papo yanawezekana kwa kompyuta moja na programu ya kutambua usemi. Ipewe sauti ya miksa kwa waya, isitegemee maiki yake. Mashine hukosea hasa pale ambapo kosa linaumiza zaidi: majina ya watu, na aya ya Kiarabu au ya lugha ya kale iliyopita katikati ya Kiswahili. Kwa hiyo maandiko matakatifu na nyimbo zisiachiwe mashine. Mzungumzaji atume aya zake siku mbili kabla, ziingizwe tayari, na mtu mmoja akae kwenye kibodi: mashine inaandika hotuba, yeye anapandisha aya. Herufi nyeupe juu ya nyeusi, mistari miwili au mitatu, karibu na uso wa msemaji ili jicho lisisafiri mbali. Picha ya machweo nyuma ya maneno haimsaidii mtu.

Kiziwi aliyekua na lugha ya alama ni suala jingine. Kwake Kiswahili cha kuandikwa mara nyingi ni lugha ya pili, na maandishi hayachukui nafasi ya mkalimani. Mkalimani asimame karibu na msemaji, nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, mwanga ukimtokea mbele. Taa zikizimwa kwa ajili ya projekta, yeye abaki na yake. Kwenye video, kamera imshike kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa na mikono iliyonyooshwa isikatwe; theluthi moja ya skrini ni kipimo kizuri, ile duara ndogo ya pembeni haitoshi. Kwenye Zoom, mwenyeji ambandike mkalimani kwa amri ya Spotlight, la sivyo programu itamfuata anayetoa sauti na mkalimani, asiyetoa sauti, ataondoka kiooni.

Kwa wasioona, kifaa wanacho tayari mfukoni. Kinachokosekana ni maandishi. Matangazo ya wiki hutumwa WhatsApp kama bango lililopambwa, na kisoma skrini, programu inayotamka maandishi kwa sauti, hakipati humo maneno ya kutegemea. Andikeni maneno yaleyale chini ya bango. Ratiba ya PDF iliyopigwa picha ina kasoro hiyohiyo: jaribuni kuchagua neno kwa kidole, likikataa, mmetuma picha. Kitabu cha nyimbo kitumwe kama faili la Word ambalo kila namba ya wimbo imewekwa kama kichwa cha habari kwa mitindo ya programu, si kwa kukoza wino tu, ili anayetumia NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, aruke kutoka wimbo hadi wimbo kwa herufi H. Wenye uoni hafifu wapeni faili hilohilo, au chapa ya pointi 18 kwenda juu.

Taa za jukwaani zisiwake na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa. Chumba tulivu chenye skrini na sauti ya chini kinawafaa wengi wenye usonji. Na mimbari isisahauliwe, kwa sababu mwenye kiti mwendo naye ana zamu ya kusoma: kwa mteremko wa 1 kwa 12, jukwaa la sentimita 45 linadai rampu ya mita 5.4.

Mifumo hii hufa kimyakimya, kwani aliyeketi kwenye miksa anasikia spika tu. Wekeni kipokezi cha kitanzi na hedifoni pale mezani, na mtu mwenye jina lake kwenye zamu asikilize kabla ya kila ibada. Alama ya sikio na herufi T ibandikwe mlangoni. Betri zichajiwe siku ibada inapoisha, si asubuhi yake. Waya wa kitanzi upigwe picha na kuchorwa kabla kapeti haijalazwa, mchoro ubaki karibu na amplifaya, na fundi yeyote wa sakafu aonyeshwe kabla hajashika msumeno.