Vibao vya taa barabarani hupunguzaje foleni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori kati ya Tanga na Segera. Mjomba wangu aliyeko Uingereza ananiambia kwamba huko vibao vya taa hubadilisha kikomo cha mwendo kufuatana na hali ya barabara. Kumpunguzia dereva mwendo kunaondoaje foleni? Msomaji, Muheza.

JIBU: Ndugu msomaji, foleni nyingi za barabara kuu huzaliwa na breki tu. Magari yakibanana, dereva mmoja akigusa breki, wa nyuma yake hukanyaga zaidi kidogo, na hivyo hivyo hadi wa ishirini husimama kabisa, ilhali mbele hakuna kilichoziba njia. Kwa hiyo vihisio vilivyofukiwa chini ya lami huhesabu magari, na yanapozidi, kikomo huteremshwa kutoka maili 70 kwa saa hadi 60 au 50, ili wote waende mwendo mmoja. Barabara ya M25, inayozunguka London, ilianza utaratibu huo mwaka 1995.

Kwa usalama, alama nyekundu ya X juu ya njia humaanisha kwamba njia hiyo imefungwa, pengine kwa gari lililoharibika. Sisi hutandika matawi ya miti nyuma ya lori bovu. Hufaa mchana, lakini usiku utayaona umeshayafikia. Hata hivyo, kibao kinachoonya juu ya hatari iliyokwisha kuondolewa huwazoesha madereva kukipuuza.