Muulize Habari za Ng'ombe

Wewe uliyepewa na ukoo kazi ya kuandika maisha ya mzee wenu, karibu. Mimi nilipewa mwaka 2011, na sababu niliyoambiwa ni kwamba nina nafasi. Nadhani sababu yenyewe ilikuwa nyingine: nilikuwa mkwe, tena mgeni, na mgeni akiuliza swali la kijinga hakuna anayesema amekosa adabu. Mzee alikuwa babu wa mume wangu, mkulima wa bonde la Shenandoah kule Virginia, Marekani, aliyezaliwa 1922 na kuhubiri katika Kanisa la Ndugu kwa zaidi ya miaka hamsini. Mimi nilimwita Babu. Yeye aliniita Dada, maana ndivyo wanavyoitana kanisani kwao, awe mkwe, awe mjukuu.

Siku ya kwanza nilimkalisha sebuleni, nikaweka simu mezani irekodi, nikamwuliza imani imekuwa na maana gani katika maisha yake. Akafikiri sana. Akasema, "Maana kubwa." Ninayo rekodi hiyo mpaka leo, dakika arobaini, na sehemu kubwa ni mlio wa saa ya ukutani.

Siku ya tatu kulikuwa kumenyesha usiku, akataka kwenda kuona kama paa la banda la kukamulia limevuja. Nikamfuata. Banda lilikuwa tupu tangu 1986. Alishika mnyororo mmoja uliokuwa bado unaning'inia, akanitajia ng'ombe aliyefungwa pale, mama yake alikuwa nani, na jinsi alivyokuwa na desturi ya kungoja ndoo ijae ndipo aipige teke. Hapo akafunguka. Tulisimama saa nzima na nusu, na simu nilikuwa nimeiacha mezani.

Katikati ya habari za ng'ombe ndipo yalipotoka yale niliyoyatafuta sebuleni. Katika kanisa lao, kwa miaka mingi mhubiri hakuletwa na chuo wala na askofu. Washirika walikutana, wazee wa kanisa wakakaa chumbani, kila mtu akaingia peke yake na kutaja jina lililo moyoni mwake. Aliyetajwa na wengi ndiye aliyeitwa, na hakuna aliyemlipa. Babu alitajwa akiwa na miaka ishirini na sita. "Nilikubali jioni," akasema, "na saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nakamua. Ng'ombe hawakuwa na habari kwamba nimekuwa mhubiri."

Kwa hiyo likiwepo jambo moja la kuchukua kwangu, chukua hili: muulize kazi. Mtu aliyehubiri nusu karne ana majibu ya imani yaliyokwisha kukaangwa, ameyatoa Jumapili baada ya Jumapili, na atakupa hayo hayo yakiwa yamepoa. Habari za ng'ombe hakuna aliyemwuliza. Mwulize alinunua wapi jembe la kwanza, nani alimfundisha kumzalisha ng'ombe ndama akikaa vibaya, mwaka gani mahindi yalikauka. Simu mtilie kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, kisha tembeeni. Tarehe usimdai. Wazee hawakumbuki miaka. Wanakumbuka kabla ya trekta na baada ya trekta, kabla ya umeme na baada ya umeme. Umeme wa mashambani kule ulianza kusukumwa na serikali kuanzia 1935, na kwa kigezo hicho peke yake nilipanga upya nusu ya utoto wake.

Sasa kosa langu la pili, ambalo wajukuu bado wananicheka nalo. Niliandika kurasa nne za historia ya kanisa lake, nikampelekea kwa majivuno. Akasoma zote, taratibu, akavua miwani. "Watu wazuri hawa," akasema. "Lakini siwajui." Nilikuwa nimeandika habari za Ndugu wa Plymouth, walioanzia Ireland na Uingereza katika karne ya 19. Ndugu wa Babu ni wengine kabisa. Hao walianza Schwarzenau, Ujerumani, mwaka 1708, watu wanane waliobatizana katika mto Eder, Alexander Mack akiwa kiongozi wao. Wakahamia Pennsylvania, na usharika wao wa kwanza Marekani ukaundwa Germantown mwaka 1723. Hubatiza kwa kumzamisha mtu mara tatu, uso ukitangulia, na kwa ajili hiyo majirani waliwapa jina la utani la wazamishaji. Jina la Kanisa la Ndugu lenyewe lilikuja 1908. Kabla ya hapo karatasi zao zinasema Ndugu Wabaptisti Wajerumani. Tena miaka ya 1880 waligawanyika mafungu matatu. Ukikuta jiwe la kaburi la babu wa babu yako limeandikwa dhehebu usilolijua, usikimbilie kusema alihama kanisa. Huenda kanisa ndilo lililobadili jina, yeye amekaa benchi lile lile.

Kama mzee wako alikuwa wa kanisa hilo, hifadhi yao ya nyaraka iko Elgin, Illinois, na gazeti lao lililoitwa Gospel Messenger kuanzia 1883 mpaka 1964 lilichapa matangazo ya vifo. Ni mafupi mno: alizaliwa, alioa, nani alimtangulia kaburini. Lakini majina ya wanawake yamo, na hayo ndiyo yanayopotea kwanza nyumbani.

Karatasi zitakukosanisha na watu, jiandae. Kwenye droo ya Babu nilikuta kadi ya jeshi yenye alama IV-E, iliyopewa wale waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri katika Vita Kuu ya Pili. Watu wapatao 12,000 wa namna hiyo walitumikia kwenye kambi za kazi za kiraia kati ya 1941 na 1947, wakipanda miti, wakizima moto wa misitu, wakihudumia wagonjwa wa akili, bila mshahara. Babu alilitaja jambo hilo kwa sentensi moja, kisha akarukia habari anayoipenda zaidi: mwaka 1946 alipopanda meli Newport News akiwa mchungaji wa mifugo iliyokuwa inapelekwa Poland, na jinsi alivyozalisha mtamba usiku wa mawimbi huku amejifunga kamba kiunoni. Mpango wa kupeleka mitamba ng'ambo ulianzishwa na Dan West, mkulima wa Indiana na Ndugu mwenzao, na shehena ya kwanza ilikwenda Puerto Rico mwaka 1944. Nilijaza kurasa sita za meli. Za kambi, aya moja.

Ni dada yake, bibi wa miaka themanini na tisa, aliyenishtua. Akaniambia kuna jirani aliyepoteza mtoto vitani, na tangu kadi ile ijulikane hakumsalimia baba yao mpaka 1951. Mashamba yao yalipakana. Nilirudi kwa Babu nikiwa na hasira isiyonihusu. Akasikiliza, akasema niandike, ila jina la jirani nisilitaje, kwa kuwa vitukuu wa pande zote mbili wanapanda basi moja la shule. Basi, kabla hujafunga daftari, tafuta ndugu wa mzee aliyekuwa mdogo nyumbani wakati huo. Wadogo waliona, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Na ng'ombe waliondokaje? Familia nzima ilinijibu mamoja: umri ulikuwa umemfika. Alikuwa na miaka sitini na nne, kwa hiyo niliandika hivyo na kuendelea. Miezi baadaye nikapekua sanduku la hesabu za shamba nikakuta mkataba. Mwaka 1986 serikali ya Marekani, maziwa yakiwa yamezidi sokoni, iliwalipa wafugaji waache kukamua. Aliyeingia kwenye mpango huo aliondoa kundi lote, likachinjwe au lipelekwe nje ya nchi, na akaahidi kutorudi kwenye maziwa kwa miaka mitano. Mwanzoni wanyama walitakiwa wapigwe chapa ya X shavuni kwa chuma cha moto, hadi mahakama ilipozuia mwezi Aprili. Mume wangu alikuwa na miaka minane. Alipoona mkataba mkononi mwangu alikaa kimya, kisha akasema anakumbuka harufu.

Babu alizihifadhi karatasi za mahubiri yake nyuma ya risiti za mbegu, zimefungwa kwa kamba ya nyasi mwaka kwa mwaka. Nikafungua za 1986. Kwa kawaida aliandika vichwa vinne vitano na mifano. Karatasi moja ya majira ya kuchipua ina neno moja tu: Mithali 12:10, ule mstari wa mwenye haki kuujali uhai wa mnyama wake. Chini yake ni patupu. Nilimwuliza alihubiri nini siku hiyo. Akasema alisoma mstari, akaomba washirika wamwimbie, akaketi.

Nisingeielewa karatasi ile kama ningeanzia kwenye mahubiri. Ningeiona ni ya mtu aliyeishiwa.

Kuhusu kuuliza yanayouma, nilijifunza kutoka kwao wenyewe. Zamani, kabla ya Karamu ya Upendo, usiku ule wanapooshana miguu, wakala pamoja na kushiriki mkate na kikombe, mashemasi walipita nyumba kwa nyumba kumwuliza kila mshirika maswali yale yale, mojawapo likiwa kama yuko katika amani na kanisa. Hawakuuliza nani amekosa. Niliacha kumwuliza Babu "nani alikukosea", nikaanza kumwuliza kama katika jambo hili yuko na amani. Mara nyingine alisema ndiyo. Kwa habari ya kundi alisema, "Bado," na hiyo nimeiandika kama ilivyo, ingawa shangazi mmoja alitaka iondolewe kabla kitabu hakijachapwa. Tuligombana jikoni. Amenisamehe, nadhani, mwaka uliofuata aliniosha miguu na hakuharakisha.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Nakili rekodi jioni ile ile. Piga picha kila karatasi pande zote mbili, maana kwa wakulima upande wa nyuma ndio wenye habari. Msomee mzee rasimu kwa sauti akiwa bado na masikio.

Na omba madaftari mapema. Babu aliandika kila siku, mstari mmoja au miwili: mvua, joto, kazi. Sikuyaomba kwa kuwa nilidhani ni ya hali ya hewa tu, nayo yalinifikia baada ya mazishi, 2015. Mei 2014, baada ya wasichana wa shule kutekwa Chibok, Nigeria, makanisa ya Ndugu yaligawiwa majina yao ili kila usharika uwaombee kwa jina; wengi wa wasichana hao walitoka katika kanisa ambalo wamisionari wa Ndugu walilianza Garkida mwaka 1923, ambalo kwa Kihausa linaitwa 'Yan'uwa, yaani ndugu. Kuanzia wiki hiyo, chini ya mvua na joto, kila siku liko jina moja, lile lile, limeandikwa kwa mkono unaozidi kutetemeka. Hakuwahi kulisema kwangu, Mwafrika pekee mezani pake, na mimi sikujua kuuliza. Ukurasa wa mwisho una jina hilo, na juu yake: mawingu, robo inchi, mlango wa banda umefungwa.