Jibu: Je, nafsi huacha kukua ukishavuka ujana?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna mwananadharia anayesema binadamu huendelea kukua kinafsi hata baada ya miaka 40, maana darasani mmesoma Freud na Piaget tu, waliopanga ukuaji wa mtoto kwa hatua. Yupo, mwanasaikolojia Erik Erikson. Hatua za Freud ziliishia kwenye balehe, na hatua ya mwisho ya Piaget, ya ukuaji wa fikra, huanza kwenye miaka 11 hivi. Erikson, mwaka 1950, alipanga hatua 8, tangu kuzaliwa hadi uzeeni, kila moja na mvutano wake.

Kwa swali lako, soma sana hatua ya 7. Mtu wa makamo ama anajitoa kwa kizazi kinachofuata, ama anadumaa. Na si lazima awe amezaa! Fundi anayemfunza mwanagenzi wake kwa moyo yumo humo humo, hapo ndipo ninapompenda Erikson. Ya 8 ni ya mzee kutazama nyuma na kuyakubali maisha aliyoishi, au kukata tamaa. Mkewe Joan, akiwa amevuka miaka 90, aliongeza hatua ya 9, ya ukongwe, mwili unapokuwa umedhoofika. Ila umri wa kila hatua usiukariri kama amri, ni makadirio.