Kabla Hujaomba Leseni ya Kufundisha Udereva, Kalia Kiti cha Kushoto

Niliendesha lori kati ya Kisumu na Nakuru miaka tisa, nikaamini kwamba kufundisha watu udereva kusingenisumbua. Wenzangu kadhaa wanaotaka kuingia kazi hii wameniuliza waanzie wapi, na wengi wanaanza kwa kuuliza karatasi. Karatasi zenyewe ni chache. Leseni ya mwalimu hutolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, baada ya mtihani wao, chini ya kanuni za mwaka 2020 zinazosimamia shule za udereva na walimu wake. Utahitaji pia cheti cha maadili mema. Alama za vidole za cheti hicho mimi nilipigwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na jambo hilo lisikukoseshe usingizi.

Linalostahili kukukosesha usingizi ni hili: miguu yako inajua kuendesha, lakini mdomo wako haujui.

Nililigundua kwenye mlima wa Riat, barabara ya Kakamega, nikiwa ningali mwanafunzi wa ualimu. Mzee aliyekuwa akinifunza alikaa nyuma, mimi kushoto, na kwenye usukani mama mmoja aliyekuwa na wiki mbili tu za masomo. Tukasimama katikati ya mwinuko. Nikamwambia, "Mama, achia klachi pole pole." Akaachia. Gari likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma, na matatu iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi. Nikakanyaga breki ya mwalimu iliyo upande wangu, likatulia. Mikono ya yule mama ilikuwa inatetemeka.

Mzee akaniambia kwa upole, "Kijana, mguu wake haujui pole pole ni kiasi gani." Kisha akamgeukia mwanafunzi: "Mama, vuta hendibreki, uwashe tena, utie gia ya kwanza. Ongeza moto kidogo. Sasa inua klachi mpaka uhisi gari linatetemeka na pua yake inainuka. Hapo hapo, usiinue tena. Haya, shusha hendibreki." Gari likapanda kama limevutwa kwa kamba. Mama akacheka kwa furaha.

Usiku ule niliketi ndani ya gari lililozimwa, macho nimefumba, nikitaja kwa sauti kila kitu ambacho miguu na mikono yangu hufanya. Nilirudia hivyo karibu mwezi mzima. Fanya hivyo hata wewe, kabla hujalipa ada yoyote.

Jifunze pia kupanga maneno. Ukimwambia mwanafunzi "pinda kulia pale kwenye duka," sikio lake linakamata "pinda kulia" na mikono inaanza kuzungusha usukani papo hapo. Anza na mahali: "Ukishapita lile duka la buluu, kuna njia upande wa kulia. Tutaingia hiyo." Na useme mapema. Pale Kondele, mjini Kisumu, bodaboda zinakuja kutoka pande zote. Ukingoja mpaka mfike raundabauti ndipo umtajie leni, umechelewa, na hofu yake ni kosa lako.

Kuna na ile bodi ya mji, yenye barabara zilizochorwa na vigari vya kusukuma kwa mkono. Walimu wengi huifundisha kwa kukariri, kama wimbo. Inaniuma sana, maana mwanafunzi anapita mtihani kisha anafika raundabauti ya kweli asijue nani ana haki ya kupita kwanza. Mimi humaliza bodi, kisha siku hiyo hiyo nampeleka kwa miguu, tunasimama kando ya barabara, ananieleza kila gari linafanya nini na kwa nini.

Ukishapata leseni, utaanza kutafuta shule ya kukuajiri. Kabla hamjazungumza mshahara, omba uonyeshwe gari. Keti kushoto, ukanyage breki ya mwalimu kwa nguvu zako zote. Ikizama mpaka sakafuni, shuka, uwaage vizuri, uende ukatafute shule nyingine.