Maswali yenu kuhusu evolusheni na "mbunifu mwenye akili"

Nilipogusia hii mada ya evolusheni, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, meseji zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, na nyingi zina uchungu ndani yake, kwa hiyo naomba nijibu taratibu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na ni muumini, niseme mapema mjue nimesimama wapi.

Mwalimu, hii intelijenti dizaini ndio nini hasa? Si ni ule ule uumbaji wa Biblia?

Wanaoitetea wanasema hapana. Wao wanasema ndani ya viumbe kuna vitu vimepangika mno, haviwezi kujitokeza hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima yupo mwenye akili aliyevisanifu, na huyo hawamtaji jina. Sasa swali lako ndilo lililofika mahakamani kule Marekani mwaka 2005. Mji unaitwa Dover, jimbo la Pennsylvania, bodi ya shule iliamua kwamba kabla ya somo la evolusheni wanafunzi wa darasa la 9 wasomewe tangazo kuwa nadharia ya Darwin, ndiyo hiyo evolusheni, ina mapengo na kwamba kipo kitabu kingine cha huo usanifu wanaweza kukisoma. Walimu wa baiolojia wakagoma kulisoma, ikabidi viongozi wa shule waingie madarasani walisome wenyewe. Wazazi 11 walikuwa wameshafungua kesi.

Kilichomaliza ubishi, kwa maoni yangu, ni rasimu za hicho kitabu. Rasimu za zamani ziliandika "uumbaji", halafu 1987 Mahakama ya Juu ikazuia sayansi ya uumbaji isifundishwe shule za serikali, basi rasimu zilizofuata neno limebadilishwa likawekwa "usanifu" na maelezo yanayozunguka yamebaki yale yale, mpaka kuna sehemu moja aliyebadilisha hakufuta vizuri maneno mawili yakagandana. Jaji John Jones, ambaye aliteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139 tarehe 20 Desemba 2005 akasema hii si sayansi.

Lakini ule mkia wa bakteria je? Una mota kabisa, toa kipande kimoja haufanyi kazi. Hiyo imetokea yenyewe?

Hili ndilo swali lao zuri kuliko yote na halitaki kudharauliwa. Aliyeipa nguvu hoja hii ni Michael Behe, mwanabaiokemia, alitumia mfano wa mtego wa panya: toa springi au ubao, huna mtego. Na ukweli ule mkia ni wa ajabu, unazunguka kama panga za boti na umejengwa kwa makumi ya protini.

Shida iko hapa. Yeye anachukulia kwamba kitu kikishindwa kufanya kazi YAKE YA SASA basi hakina kazi yoyote. Bakteria wa tauni ana kifaa cha kudunga sumu kwenye seli za mtu, na protini za kifaa kile zinafanana na sehemu ya chini ya ule mkia. Hakizungushi kitu, kinadunga tu, na bado kina faida kubwa kwa mwenyewe. Wataalamu wanabishana kipi kilitangulia, sawa, ila kinaonyesha kwamba baadhi ya vipande peke yake vinaweza kuwa na kazi nyingine, na hapo ndipo hoja ya mtego inapolegea. Kule mahakamani Dover pia Behe, aliyekuwa shahidi upande wa bodi ya shule, aliwekewa mezani machapisho 58 kuhusu jinsi mfumo wa kinga ya mwili ulivyotokea, akasema hayatoshi.

Evolusheni ni nadharia tu jamani.

Kwenye sayansi nadharia sio dhana ya mtu aliyeota usiku. Kwamba vijidudu vinasababisha magonjwa nayo inaitwa nadharia.

Mbona hatuioni ikitokea?

Tunaiona, na sisi tumeimeza. Mnaikumbuka klorokwini, ile ukimeza mwili unawasha usiku kucha? Tanzania iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea wachache waliokuwa na mabadiliko ya kuihimili ndio walikuwa wanabaki hai na kuzaana mpaka wakajaa. Malawi walishaiacha tangu 1993. Na kule Malawi ndio kuna jambo ambalo kila mwaka nikilifundisha darasa linanyamaza, dawa ilipoondoka wale vimelea sugu walipoteza faida yao, wale wa kawaida wakawazidi, na utafiti uliofanyika Blantyre mwaka 2005 ukakuta watoto waliopewa klorokwini karibu wote wamepona. Watoto wetu wamekufa kwa hili, kwa hiyo mtu akiniambia evolusheni ni mambo ya Wazungu na mafuvu yao naumia.

Si wafundishwe zote mbili, wachague wenyewe?

Darasa la sayansi linafundisha kilichopimwa. Niambie tufanye kipimo gani ambacho kikishindwa utasema basi, mbunifu hayupo? Hakuna. Behe mwenyewe alipobanwa na wakili alikiri kwamba kwa tafsiri yake ya neno nadharia, hata unajimu wa nyota ungeingia. Nje ya sayansi yazungumzwe tu, kwenye dini na falsafa, sina ubaya.

Mwanangu yuko form four, kanisani wamemwambia akikubali evolusheni amemkana Mungu. Hapati usingizi. Nimwambie nini?

Pole mama. Mwambie kwamba shahidi wa kwanza wa wale wazazi wa Dover, Kenneth Miller, profesa wa baiolojia, ni Mkatoliki na imani yake hakuificha. Mwambie pia mwalimu mmoja huku anafundisha evolusheni asubuhi na jioni anasali, miaka yote hii. Sayansi inaniambia jinsi vimelea vinavyobadilika, haijawahi kuniambia nisimshukuru Mungu mtoto akipona. Akitaka kuongea na mimi mwache aandike, nitamjibu mwenyewe.